Banda la gemu la njia ya Kibirizi: nimelihesabu kwa pini

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kinatazamana na banda la gemu, njia inayoteremka kwenda Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, na kati yetu kuna barabara ya vumbi ambayo bodaboda wawili wakikutana mmoja lazima apunguze mwendo. Banda halina jina. Ukutani pameandikwa GEMU kwa rangi nyekundu, na chini ya maandishi mtu kachora padi, kile cha kushika mkononi unapocheza, inayofanana zaidi na kasa. Nimekaa mbele yake miaka mitatu sijawahi kuvuka kuingia. Nilichokijua ni kelele tu.

Kilichonivusha barabara ni mtoto wa kaka yangu. Alikuja Jumapili, akala ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, akanisubiri nishibe, ndipo akachomoa karatasi mfukoni. "Shangazi, nataka kufungua banda la gemu. Naomba uniazime mtaji." Alitaka shilingi 3,240,000. Anajua mgao wa kikoba chetu unatoka lini, mtoto huyu.

Karatasi ilikuwa na hesabu safi kabisa. Mashine 4, saa 10 kwa siku, mechi 5 kila saa, wastani wa shilingi 400 kwa mechi. Jumla shilingi 80,000 kwa siku, yaani 2,400,000 kwa mwezi. "Mwezi wa pili ukiisha nimekurudishia, Shangazi. Kuanzia wa tatu tunakula faida."

Hesabu za namna hiyo nazijua. Nilipoanza ushonaji nami niliandika kwamba gauni tatu kwa siku nitaweza. Gauni tatu kweli naweza, hata leo na macho yangu haya. Wa kuzileta ndio hawakuwa watatu. Nikamwambia anipe wiki mbili, kwa sababu banda analotaka kuliiga liko mbele ya cherehani yangu na sina haja ya kumuuliza mtu.

Basi haya ndiyo niliyoyaona, kwanza kama mteja.

Ni fremu moja ya mabati yasiyo na dari. Saa 8 mchana humo ndani ni tanuri, na feni iliyopo inazungusha joto lilelile kutoka kona hadi kona. Kuna runinga 4 za inchi 32. Kushoto PS4 mbili, mashine za PlayStation, yale matoleo membamba ya mwaka 2016, kulia PS3 mbili ambazo wino wa maandishi yake umeshaisha kwa vidole. Mtu anakaa kwenye benchi la mbao lenye vipande vya godoro vilivyovishwa kitambaa, na hapo kama fundi niseme wazi: aliyeshona yale maforonya hakurudia mshono hata mmoja. Yamefumuka, sifongo inatoka, watoto wanainyofoa kidogokidogo wakisubiri zamu. Harufu ni ya miguu, na wakija wavuvi ni ya miguu na dagaa.

Bei ni shilingi 300 kwa mechi kwenye PS3 na 500 kwenye PS4. Hakuna kulipia kwa saa. Sheria ya humo ni aliyefungwa analipa, aliyeshinda anabaki kwenye kiti na anayefuata anaingia. Mwanzoni niliona ni uonevu, mtoto afungwe halafu na hela itoke mfukoni mwake. Baadaye nikaona ni akili. Aliyefungwa anataka kulipiza, anaingiza tena mkono mfukoni. Aliyeshinda naye haondoki, maana yuko bure, na kadiri anavyokaa ndivyo wengine wanavyotaka kumtoa. Mtu mmoja hodari anaweza kucheza mchana mzima bila kutoa senti, na yeye ndiye anayeingizia banda hela kuliko wote.

Zamani kila kipindi kilikuwa dakika 6. Mwenye banda akapunguza hadi 4. Mechi nzima sasa, pamoja na kuchagua timu, kubishana na kurudia goli ili kumkera mwenzako, inakwenda dakika kumi hadi kumi na mbili. Wateja walinung'unika siku mbili wakazoea.

Jambo lililonifurahisha ni miaka. Upande wa kulia, kwenye PS3, wanacheza gemu ya mpira ya FIFA 19, kwa sababu baada ya hapo mashine hiyo haikutengenezewa nyingine. Humo Ronaldo yuko Juventus. Upande wa kushoto ni FIFA 23, ya mwisho kubeba jina hilo kabla mwaka 2023 halijawa EA Sports FC, na humo Mbappé bado yuko Paris ingawa alishahamia Madrid mwaka 2024. Kwa hiyo ukiingia unachagua kwanza unataka kuishi mwaka gani. Vijana wadogo wanalalamika, "Mzee, weka mpya!" Wakubwa hawajali. Kuna mvuvi mmoja hagusi PS4 kabisa, anasema Ronaldo wake yuko kule kulia. Simba na Yanga hazimo upande wowote, na kila mtoto anayeingia mara ya kwanza huzitafuta.

Nami nilicheza. Nilitoa 300 nikakaa na kijana wa darasa la tano. "Shikamoo mama. Eksi ni pasi, duara ni shuti." Nikamwitikia marahaba nikabonyeza vyote. Alinifunga 7 bila, na goli la saba nilijifunga mwenyewe. Kidole gumba kiliniuma hadi kesho yake. Lakini nimeelewa kwa nini hawasikii wakiitwa nyumbani kula.

Huduma ni nzuri kwa jambo moja hasa. Umeme ukikatika katikati ya mechi, mechi "imekufa", hakuna anayelipa, hata kama ilikuwa dakika ya 89 na mtu ameshafungwa tano. Nimeona kwingine watu wanavutana mashati kwa hilo. Hapa mlinzi wa banda anasema "imekufa" na yameisha. Kucheza kwa kuwekeana hela ni marufuku pia, na hilo mwenye banda analisimamia kwa ukali, kwa sababu hataki mtu amchanganye na wenye mashine za kubahatisha ambao wana sheria zao na leseni zao, na kule mwenye umri chini ya miaka 18 haingii kabisa. Wateja wake yeye nusu ni watoto.

Na hapo ndipo ninapompunguzia nyota. Mlangoni pamebandikwa karatasi: "Mwenye sare ya shule haruhusiwi." Jumatano, saa 5 asubuhi, nilimwona kijana ndani amevaa jezi ya Yanga na kaptula ya bluu. Kaptula ile nimeishona mimi. Naijua kwa mfuko wa nyuma, mama yake alitaka uwe na kifungo. Mlinzi aliona jezi, kaptula hakuiona. Nilivuka nikamsimamia mlangoni bila kusema neno, akatoka na mkoba wake akipitia kwa pembeni. Sikumwambia mama yake. Labda ningemwambia.

Wasichana ni kama hawapo. Siku zote nilizokaa nikitazama waliingia watatu, na wawili walikuja kumwita kaka yao.

Sasa hesabu, maana ndiyo iliyonivusha barabara.

Nina kijimto cha pini, na pini zangu zina vichwa vya rangi. Kila mechi ikiisha, aliyefungwa husimama kwenda mezani kulipa, na hilo naliona kutoka kibarazani bila kuvaa miwani. Akitoka kushoto nachoma pini nyekundu, akitoka kulia nachoma nyeupe. Jioni naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Nilianza Jumatatu.

Jumatatu mechi 31, Jumanne 28, Jumatano 36. Alhamisi 9 tu, kwa sababu umeme ulikatika saa 7 mchana ukarudi saa 1 usiku. Sikuhitaji kuambiwa, cherehani yangu ni ya umeme, ilisimama na gauni la watu nusu bega. Ijumaa 41, Jumamosi 57, Jumapili 64. Jumla 266. Nyekundu zilikuwa 114 na nyeupe 152, yaani shilingi 57,000 za PS4 na 45,600 za PS3. Wiki nzima 102,600.

Mtoto wa kaka yangu aliandika 80,000 kwa siku. Hawa wamepata chini kidogo ya 15,000. Kwa hesabu yake, mashine 4 zingecheza mechi 1,400 kwa wiki. Zimecheza 266. Siyo kwamba banda halina watu, ukipita Jumapili jioni utadhani kuna harusi. Ila Jumapili jioni ni muda wa saa tatu au nne tu, na mashine hazijui kwamba ni Jumanne asubuhi, zinakaa pale zikipigwa vumbi huku kodi ya fremu inatembea. Saa ya leo asubuhi isiyouzwa huwezi kuiweka stoo ukaiuza Jumapili. Kitambaa changu kisiponunuliwa leo, kesho bado ni kitambaa.

Nilipopata namba hizo nikavuka kumwona mwenye banda mwenyewe. Ni mtu mpole, aliyeanzia Mwanga, mjini hapahapa, kabla ya kuhamia huku, na watoto wanamwita Mzee wa Padi. Tuliketi kwenye yale maforonya yake. Hakuficha kitu, nadhani alikuwa anatafuta mtu wa kumweleza.

Kodi ya fremu 60,000 kwa mwezi. Umeme ni kama uniti 100, na hapa wengi wanaopiga mahesabu nyumbani hujikwaa. Nyumbani ukitumia chini ya uniti 75 kwa mwezi unalipa shilingi 100 kwa uniti, na ukiongeza kodi na tozo inafika 122. Mita ya biashara ni 292, ikiongezwa hizo asilimia 22 inakuwa 356. Elfu moja ya LUKU inayokupa uniti 8 na kitu sebuleni, kwenye fremu inakupa 2.8. Kwa hiyo 36,000 hivi. Taka na ulinzi shirikishi 8,000. Kijana anayekaa bandani, yule mlinzi, 120,000.

Halafu padi. Hapa Mzee wa Padi aliongea karibu nusu saa, na ndipo nilipoelewa jina lake. Padi ndiyo inayokufa. Mashine unaweza kukaa nayo miaka, runinga nayo, lakini padi inashikwa na kijana aliyefungwa goli la dakika ya mwisho. Ndani ya kile kijiti cha kuelekezea mna kijisahani cha kaboni, na kuna kijimkono kinachokisugua kila unaposogeza. Kikisagika, mchezaji anaanza kutembea mwenyewe kwenda kushoto bila kuguswa. Fundi simu wa Mwanga anaweza kukisafisha kwa spiriti, ikakaa wiki tatu, au akatoa kijiti kizima na kuchomelea kipya. Mwishowe unanunua nyingine. Anatumia padi 2 kwa mwezi, 25,000 kila moja. Akinunua za bei rahisi zaidi zinakufa 4, kwa hiyo ni yaleyale. Padi mbovu inamgharimu kuliko bei yake, kwa sababu aliyefungwa na padi inayojitembeza hakubali kulipa, na ana haki.

Pia kuna matengenezo ya mashine. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, vumbi jekundu la njia hii linaingia kwenye feni ya PS4, mashine inaunguruma kama jenereta halafu inazima. Inafunguliwa, inapulizwa, inapakwa ile dawa ya kupozea juu ya prosesa. Na kuna tundu la waya wa HDMI, ule unaopeleka picha kwenye runinga, watoto wakivuta waya linang'oka. Kwa wastani 20,000 kila mwezi.

Jumlisheni wenyewe: 294,000. Mauzo ya wiki nne kama ile yangu ni 410,400. Inabaki 116,400.

Mtaji wa 3,240,000 ukiugawa kwa 116,400 unapata miezi 28, na bado hujala. PS4 ilitoka mwaka 2013. Hiyo miezi 28 ikiisha utakuwa umemaliza kulipia mashine ambayo wateja wameanza kuikataa. Lakini ondoa mshahara wa kijana, ukae mwenyewe kwenye kiti kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 3 usiku, na hesabu inabadilika: 236,400 kwa mwezi, mtaji unarudi ndani ya miezi 14. Kwa hiyo kinachopatikana hapo zaidi ni mshahara wa mtu mmoja anayekubali kukaa. Mwenye banda alikuwa na pikipiki ya kubeba mizigo na mambo mengine mjini, hakai.

Ndipo nikamwonyesha daftari langu. Alichukua miwani, akasoma namba zangu za wiki, akafungua daftari lake la banda, akawa kimya. Daftari lake lilisema mechi 231. Pini zangu zilisema 266. Tofauti ni 35, karibu 13,500 kwa wiki moja. Zipige mara nne uone ile 116,400 inabaki nini. Sikuenda pale kumchongea mtu, na nilirudi kibarazani nikiwa na uzito moyoni. Wiki iliyofuata yule kijana mlinzi hakuwepo tena.

Kodi ya mapato si tatizo kubwa, nasema hivi kwa kuwa nami nalipa kwa jedwali hilohilo la wafanyabiashara wadogo. Mauzo yake ya mwaka ni kama milioni 5 na laki 3. Yasiyozidi milioni 4 hayatozwi, na kati ya milioni 4 na 7 asiye na kumbukumbu anatozwa 100,000 lakini mwenye daftari anatozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, ambayo kwake ni kama 40,000. Daftari tu linaokoa 60,000. Ila liwe linasema kweli.

Nilikuwa karibu kumwambia mtoto wa kaka yangu hapana. Kilichonichelewesha ni mwezi, huu wa angani.

Wiki niliyohesabu ilikuwa ya giza, usiku hauna mwezi. Sikulifikiria hilo, nilianza tu Jumatatu. Lakini dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inalala mwaloni. Wavuvi wanapanda kutoka Kibirizi na hela za giza lililopita bado ziko mfukoni, na hawana pa kwenda mchana wote. Nikahesabu tena, Jumatatu hadi Jumatano, mbalamwezi ikiwa imejaa. Nilipata 52, 49 na 58. Siku hizohizo za giza zilikuwa 31, 28 na 36. Na karibu pini zote zilizoongezeka zilikuwa nyekundu. Mvuvi haulizi bei, anaweka elfu mbili mezani na kusema "nikate humo".

Mzee wa Padi anajua hilo, lakini hakuwahi kulifanyia kazi. Jumatatu ya mbalamwezi anafungua saa 4 kama siku nyingine zote. Wavuvi nawaona saa 2 asubuhi wamekaa kwenye ngazi yake wakichezea simu. Hauzi hata maji. Anayefaidika ni mama wa mihogo ya kukaanga pembeni, ambaye siku hizo anamaliza beseni mbili, na sijui kama mama yule analipa kodi ya fremu popote.

Alinikumbusha pia mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mtu angedhani vijana wote hawana kazi, banda litafurika. Lilifurika kweli, kwa watazamaji. Muda walikuwa nao wa kumwaga, hela hawakuwa nazo. Watu kumi na tano nyuma ya kila runinga, na mechi mbili kwa saa. Na siku hela ipo lakini mpira wa kweli upo, pia hapati kitu. Mwaka 2021, tarehe 25 Julai, Simba na Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho hapahapa, uwanja wa Lake Tanganyika, mji ukajaa wageni kutoka kila mkoa. Yeye akafungua mapema akijua ni siku ya mavuno. Hadi Taddeo Lwanga anaifungia Simba bao pekee, banda lilikuwa na yeye na feni. Siku hizi wakicheza Mashujaa, timu ya hapa, nyumbani anaenda naye uwanjani.

Kwa hiyo mtoto wa kaka yangu nilimjibu hivi. Nilimwita, nikamwekea daftari mbele pamoja na karatasi yake, vikatazamana. Alisoma kimya. Alipofika kwenye 266 akasema, "Lakini Shangazi, mimi nitatangaza." Nikamuuliza Jumanne saa 4 asubuhi atamtangazia nani, walimu? Akacheka. Nikamwambia milioni 3 sitoi. Nenda kakae kwenye kile kiti cha Mzee wa Padi, kimebaki wazi, 4,000 kwa siku na chakula unakula kwangu. Kaa mizunguko mitatu ya mwezi. Ukishajua padi inavyokufa na mvuvi anavyokuja, njoo tena na karatasi, na iwe ya mashine mbili tu, siyo nne. Mzee wa Padi aliafiki palepale, kwa masharti kwamba mimi niendelee na pini zangu.

Kama ni nyota, kwa mteja natoa tatu kati ya tano: sheria zake ni za haki, bei inaeleweka, joto halivumiliki, watoto wa shule wanapitapita. Maforonya nimeyashona upya, elfu 18 kwa mabenchi yote, na mishono nimeirudia mara mbili. Kwa anayetaka kufungua la kwake, nilitaka kusubiri nione mizunguko hiyo mitatu kabla ya kuandika. Lakini jana ilikuwa siku ya kumi na mbili tangu mtoto akae, mwezi umejaa, na wavuvi walipanda wengi. Alifungua saa 2 asubuhi kama nilivyomwambia. Hadi anafunga nilikuwa nimechoma pini 61. Alipokuja kula, nikaomba daftari. Limeandikwa vizuri, mistari imenyooka, jumla 55.

Nikamuuliza zile sita. Akamega tonge, akasema, "Zile zilikufa, Shangazi. Umeme ulipepesa mchana."

Jana nilishona tangu asubuhi hadi magharibi, sare nne na dera moja. Cherehani haikusimama hata mara moja.